Mfuko wa Nje

Shemeji Mbwarali kanipigia saa tatu usiku,
kwake saa sita, ndipo bando huwa la bei chee.
"Huko kwenu vitu bure," kasema,
"sisi huku Tanga tunachunwa."
Anataka laptopu ya rangi ya majivu,
ya hesabu za duka lake la saruji.

Nikaketi jikoni, Coventry, kipasha joto kimezimwa,
nikageuza bahasha ya kodi ya manispaa
nikaandika mgongoni mwake:

Paundi mia nne na themanini na tisa.
Zidisha: milioni moja, laki sita na ushei.
Kwa Taherali, barabara ya kumi na mbili,
milioni moja, laki saba na nusu.
Haya. Mbwarali kashinda.

Kisha nikaongeza posta, na bima ya posta,
na yule bwana wa forodha
ambaye kila boksi humkumbusha ada ya wanawe.
Nikaongeza waranti, ambayo haipandi ndege:
ikizimika Tanga, fundi yuko Coventry.
Ya Taherali ikizimika unamrudishia mkononi,
anaipuliza vumbi, anakuagizia kahawa,
anakuazima nyingine.
Laki ikayeyuka karatasini.

Kilicholingana kote kuwili ni plagi tu,
miguu mitatu, minene, ya mraba:
Mwingereza alikuja nayo akaiacha ukutani
kama mgeni anayesahau kandambili makusudi
apate kisa cha kurudi.

Ipo hesabu nyingine, hiyo sikuiandika.
Laptopu moja ni zamu nne za usiku
za kuwageuza wazee vitandani, kuwapangusa,
kumwitikia Bi Doreen wa chumba cha sita
anayeniita kwa jina la binti yake.
Vitu bure. Labda.
Mgongo wangu haujawahi kunipa risiti.

"Nenda kwa Taherali," nikamwambia, "hela natuma mimi."
Kimya. Nikadhani bando limekata.
"Shemeji, ya Taherali si ya nje."
"Zote zimetengenezwa Uchina, Mbwarali. Zote mbili."
"Najua. Lakini yako imepita Ulaya."

Jumamosi nikaingia dukani, mwavuli unachuruzika.
Nikazitazama zimejipanga, midomo wazi, zinang'aa.
Kijana akaniuliza anisaidie nini.
Nikanunua mfuko, peni thelathini,
mgumu, wenye jina la duka kwa herufi kubwa.

Pesa nikamtumia Taherali.
Mfuko nikaukunja mara nne,
nikautia kwenye bahasha, nikaupeleka posta.