Hisa Mia Tatu

Jumatatu zilikuwa kwacha arobaini na moja.
Jumanne Lufira Telekom ikatangaza ndoa.
Ijumaa, ishirini na sita.
Sijaona harusi inayomkondesha bwana harusi
kabla hata ya wali kuiva.

Kayij, mtoto wa dada yangu, kanipigia toka Lusaka:
"Mjomba, uza! Uza kabla ya—"
Sauti ikakatika. Nikacheka peke yangu.
Mtandao wenyewe ndio huo tunaoulizana bei.

Mia tatu. Nilipewa badala ya mshahara wa miezi saba,
enzi nikipanda minara, mshipi kiunoni, spana menoni,
Likasi, Kambove, Kipushi.
Ule wa Kipushi naujua kama goti langu bovu:
hunywa dizeli usiku kucha,
na mlinzi naye hunywa fungu lake.
Hayo, kwenye mizania, yako ukurasa gani?

Umeme umekwenda tangu saa moja.
Nimeinamia ripoti kwa taa ya betri, bukari imepoa kando.
Deni la bibi harusi: faida ya miaka miwili.
Hisa mpya: moja kwa kila nne.
Yaani mkate ni ule ule, midomo imezidi.
Lakini faiba yake imeshafika Kasumbalesa,
na pale malori ya shaba hulala siku nne, siku tano,
madereva wakibembelezana na wake zao hadi alfajiri.

Mchana nilipita kwenye kabine ya Mama Musau, soko la Kenya.
"Uniti za nani zinatoka?"
"Lufira sita, wale wengine kumi na nne.
Ila wa Lufira," akasema akihesabu franga, "hurudi."

Nikarudi nikiutazama ule mlima mweusi wa mabaki.
Baba alimwaga tope lake la moto, zamu ya usiku;
waliuita takataka.
Kisha wakaja watu na vipimo, wakakuta kobalti,
wakaanza kuula mlima.
Nikamwambia Chilombo. Hakuinua macho kwenye mchele:
"Na vilima vilivyopimwa vikakutwa vumbi,
nani anavisimulia?"

Saa tano usiku nimemwandikia Kayij:
Usiuze. Usinunue.
Nitafutie kwanza orodha ya minara yao, na umri wa betri.

Ujumbe umegoma kwenda.
Nimechukua kalamu, nikaongeza mstari mmoja
upande wa hasara.