Gramu Saba

Geuza pakiti, Teodor. Usisome mbele.
Mbele pana picha, biskuti imevunjwa katikati,
chokoleti inavutika kama gundi.
Mbele ni mpiga debe.
Karani yuko nyuma, kwenye kisanduku cha mistari myeusi,
na karani hana maneno mengi:

biskuti tatu, gramu thelathini na tatu,
kalori mia moja na sitini,
mafuta gramu nane, nne kati ya hizo zile za kuganda,
sodiamu miligramu mia na kumi
(ndiyo, chumvi; hata kwenye tamu mna chumvi),
protini mbili, kama salamu ya mpita njia,
wanga ishirini na mbili.
Nyuzinyuzi moja. Itoe.
Ishirini na moja kwa tatu?

Saba, anasema, na theluji ya buti zake
inayeyuka kwenye sakafu ya duka.
Nje ni Saskatoon, Februari, pumzi zinageuka unga.
Ana miaka tisa. Nani aliyekaa akaamua
kwamba mtu hula tatu? ananiuliza.
Mtu asiyewahi kuzila, namjibu.

Oktoba alikunywa maji kama mchanga unavyokunywa.
Suruali zikamlegea, tukasema anarefuka.
Tulisema hivyo wiki tatu.
Kisha wodi, na muuguzi Thiessen na mkoba wake:
akatoa pakiti kama hii hii, akaiweka juu ya shuka
kando ya sindano. Nikadhani anatutania.
"Hapa hakuna kilichokatazwa," alisema.
"Kuna kisichohesabiwa tu."

Mali bila daftari huisha bila habari.
Kumbe na damu.

Zamani, kwa mama mkwe wangu Oryssia,
kuleta biskuti za duka mezani
ilikuwa sawa na kuja mikono mitupu;
afadhali mikono mitupu.
Zake zilikuwa pana kama kisahani,
siagi mpaka unga useme basi, sukari kwa ngumi.
Sukari kiasi gani, mama?
Kiasi.

Kwa hiyo Krismasi zote mbili,
ya Desemba na ile yake ya Januari,
bati lake lilikaa juu ya friji halijafunguliwa.
Si kwamba mlikuwa na sumu.
Hamkuwa na namba.
Na hii ya kiwandani, kavu, yenye ladha ya boksi,
pacha wa dada zake wote elfu,
ndiyo tuliyoweza kuiamini saa tisa za usiku.
Nimeipenda kwa sababu hainishangazi.

Jumapili iliyopita alikuja, baridi ya thelathini na moja chini ya sufuri,
bati limefichwa ndani ya koti kama mtoto mchanga.
Juu ya kifuniko, utepe wa karatasi, penseli:
MOJA = GRAMU 19. NIMEPIMA MARA TATU.
Alikuwa amenunua mizani.
Alikuwa amekata donge kwa glasi ya dawa,
na biskuti zililala ndani zimelingana, ndogo,
nadhifu kama zimetoka kiwandani.
Aliniona nikiziona.
Akavua glavu, kidole kimoja, kingine,
akitazama dirisha.

Teodor akaingiza namba. Pampu ikalia mara mbili kiunoni.
Tukangoja dakika zake kumi na tano,
watu wazima wawili na bati,
hakuna aliyezungumzia chochote ila barabara.
Kisha akauma.
Akatafuna polepole, macho juu,
jinsi anavyofanya akigawanya.

"Ina chumvi," alisema.

"Chumvi," alisema Oryssia, "sikupima."