Za Jora Moja

Jumamosi jioni nashusha mlango wa bati,
nasukuma majora ya vitenge hadi ukutani,
natandika blanketi la jeshi juu ya meza ya kukatia.
Mkasi natia kwenye droo, maana Feruzi
akiliwa hupenda kushika kitu.

Pesa yetu ni vifungo:
cheupe elfu moja, cheusi elfu tano.
Nje, Arua inahesabu mauzo yake,
pikipiki za Ariwara zinarudi bila mzigo,
na umeme, kama kawaida, umekwenda kwao.
Taa ya sola inatutosha.

Mwalimu Onzima anagawa.
Mbili zinateleza juu ya blanketi, zinanigota kidole.
Sizinyanyui. Nakunja pembe kidogo tu,
kama mteja mjuzi anayegeuza upindo
aone kama rangi imepenya upande wa pili.

Ree ya shupaza.
Nyuma yake mfalme.
Shupaza.

Za jora moja, enyi watu! Zimekatwa pamoja,
wino wa pipa moja, kiwanda kimoja.
Mwalimu aliwahi kutupigia hesabu kwa chaki sakafuni:
wa namna hii huja mara moja
katika mia tatu thelathini na kitu.
Mimi tangu mvua za Aprili nimekuwa nikipewa viraka:
tatu na tisa, nne na ghulamu,
nikivitupa, nikivitupa,
nikimimina chai.

Lakini nakifahamu kitambaa.
Kitambaa hakijawa gauni.
Jozi ya mbili, zile mbili duni za mtu mwingine,
ni gauni tayari, kuukuu lakini linavalika,
nami nimeshika hariri isiyo na uzi.
Nahitaji zifunguke tatu mezani, kisha moja, kisha moja,
na humo shupaza tatu, au ree mwenzake, au mfalme.
Nahitaji mtu wa kuningoja nishone.

"Elfu nane," nasema.
Cheusi kimoja, vyeupe vitatu.
Sauti nimeishusha mahali pake pa kila siku,
pale ninapotajia bei ya kanga.

Mzee Ezaruku, daktari wa ng'ombe mstaafu,
ananitazama kama anavyotazama kwato.
"Driciru," anasema, "wewe?"
Anazisukuma karata zake mbali, taratibu,
kama sahani ya mtu aliyeshiba.

Mwalimu anatupa.
Feruzi ameshatia kifungo kimoja cha lazima,
anakisikitikia, anakiacha.
Amebaki Munguromo, na vyeupe viwili vyake katikati.
Njoo, Munguromo. Njoo na jozi yako ya saba,
njoo na bibi na ghulamu, njoo na ubishi tu,
ule ubishi unaobishania nao kila senti ya kitenge changu.

Anajikuna shingo.
"Huyu mama akisema elfu nane," anawaambia wenzake,
"anazo elfu themanini mkononi."
Anatupa.

Kimya. Mbu mmoja.
Navuta vifungo vitatu vyeupe vilivyolala mezani,
elfu tatu, mavuno ya miezi mitano ya kungoja.
"Tuonyeshe basi!"
Siwaonyeshi.
Nazirudisha kifudifudi, ree na mfalme wake,
Mwalimu anazichanganya na makapi
na sasa hakuna ajuaye zilikuwa wapi
isipokuwa kidole gumba changu.

Huo ndio mkono wangu bora wa mwaka.
Sikuona hata karata moja ya mezani.
Usiku mzima uliobaki nilikuwa nikizifungua kichwani:
shupaza ya sita, shupaza ya kumi, bibi wa shupaza...
Nikapoteza elfu moja moja bila kuangalia,
hadi nikabaki na faida ya zile tatu.

Saa sita, kwenye kona ya barabara ya Adumi,
kijana wa chapati alikuwa bado na moto.
Nikaagiza roleksi, mayai mawili.
Elfu tatu.
"Mama vitenge, leo umeshinda?"
"Nimeshinda."
Akainua taa, akanitazama usoni,
akaongeza nyanya.