Betri Kwapani

Kwa farasi, ile kubwa ya dijitali,
ingawa baridi ya Khovd hunywa betri
kama ngamia aliyetoka jangwani;
naziatamia kwapani, mbilimbili, kama mayai.

Kwa mikono ya mama ikikanda unga, ile ya filamu,
chuma kitupu, haijui umeme.
Zimebaki picha nne. Navizia mwanga.
"Piga basi, Uyanga, unga unakauka!"
Sipigi.

Asubuhi ile kaka Ganzorig alipodandia lori la makaa
kamera zote mbili zilikuwa ndani,
zimefungwa vizuri kwenye mkoba wake.
Nilikuwa na simu tu, kioo kimepasuka.

Picha ina ukungu;
kidole changu kimemeza nusu ya lori.

Ndiyo hiyo mama aliyoitaka ukutani.