Vikombe Viwili Nje ya Dirisha

Jumanne usiku, Winnipeg, digrii thelathini chini ya sifuri,
na chumba cha mashine za kufulia, Mtaa wa Sargent,
kimejaa mvuke na maneno.
Mimi hukaa na funguo, huuza sabuni,
huvunja noti ziwe sarafu.
Zaidi ya hapo husikiliza.

Leo kaanza Tavish, kijana wa ufundi bomba,
uso umekunjamana kama shati lililosahaulika kwenye ngoma.
Mchezo wake wa magari umezimwa.
Dola themanini alilipa, akakesha wiki nzima
akilipaka gari lake zambarau,
na asubuhi hii kampuni imemwandikia mistari miwili:
tunakushukuru kwa kuwa nasi.
“Kitufe kiliandikwa *nunua*,” asema.
“Nunua! Hakikuandikwa *azima*.”

Rodelio, anayekunja sare za wodini, hainui kichwa.
“Na kile cha *nakubali*? Kurasa arobaini.
Ulisoma ngapi?”
Mashine namba sita ikakohoa.
“Mimi nina kaseti ya kijivu ya mwaka tisini na moja.
Naipuliza vumbi, naichomeka, inawaka.
Nikifa ni ya binti yangu.
Wewe utamrithisha mtu nini, neno la siri?”

Nikawaambia usemi wa mama yangu,
kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.
Kuutafsiri kulinichukua muda, na ishara za mikono.
Walicheka hata Halyna akashika kiuno,
Halyna aliyefundisha fizikia Ternopil
na hapa anafua mashuka ya nyumba ya wageni;
kisha akauliza, wala hatanii,
kama mashuka nayo yamo.

Ni yeye aliyeleta habari ya maji.
Ya moto, akasema, huweza kuganda kabla ya baridi.
“Haiwezekani,” Rodelio akasema. “Yatapitia wapi?
Ya moto lazima kwanza yawe baridi!”
“Huweza, nimesema. Sikusema lazima.”
“Basi hiyo si sayansi, hiyo ni bahati nasibu.”
Nikatoa vikombe viwili vya karatasi,
kimoja cha bombani, kimoja cha birika langu la chai,
tukaviweka nje kwenye kizingiti cha dirisha,
tukafunga haraka, vidole vikituwasha.

Tukingoja, Tavish akasoma karatasi ya mgombea ukutani:
bwawa la kuogelea la mtaa lifungwe, kodi ishuke.
Yeye hapigi kura. Ni kitufe kingine tu, asema,
unabonyeza *nunua*, baadaye wanakuzimia.
Hapo Halyna, ambaye bado hana uraia,
akapiga kifuniko cha mashine kwa kiganja:
“Basi nipe mimi hicho kitufe!
Nipe, kama hukitaki!”
Rodelio akasema bwawa lile lina ukungu hata hivyo,
Halyna akamuuliza binti yake alijifunzia wapi kuogelea,
sauti zikapanda, sauti tatu za lugha ya kukodi,
mimi ya nne.
Nikasema kura yangu ya kwanza niliipiga mwaka jana
kwa penseli fupi iliyofungwa kamba mezani.
Hata penseli walihofu nitaondoka nayo.

Kikaushio kilipolia ndipo tukakumbuka.
Vyote viwili mawe.
“Nilikwambia!” akasema Rodelio.
“Nilikwambia!” akasema Halyna, akacheka peke yake.
“Jaribio lisilo na shahidi ni umbea.
Tutarudia Jumanne.”

Tavish akatoka wa mwisho, akaacha soksi moja.
Mlangoni aliniuliza kama mashine hizi ni zangu.
Ni za bwana mmoja wa Toronto ambaye sijamwona.
“Na funguo?”
Za kwake.

Nilipofunga niliviingiza vikombe,
nikavipanga juu ya hita, nikavuta kiti.
Basi la mwisho likapita, nikaliacha.
Najua kipi kiliyeyuka mwanzo.
Jumanne wakiniuliza,
sijui kama nitasema.