Deni la Mia Tatu

Wiki ya kwanza bumu limeingia,
kila mtu ni tajiri wa kuku.
Tunavuka barabara kwa mafungu
hadi kwa Lyatuu wa chipsi, mkabala na geti kubwa.
Anatuita mabosi,
anapasua mayai mawili kwa mkono mmoja,
zege linatua likiwa limezidi sahani,
kachumbari juu, pilipili pembeni,
soda baridi inatoka jasho.
Nyuma yetu mlima umejifunua wote, mpaka theluji.
Hakuna anayegeuka.

Wiki ya tatu tunaanza kuhesabu.
Kantini ya chuo ina foleni na ina tiketi:
ya bluu wali, ya njano ugali,
maharage yale yale, upawa ule ule.
Mzee Kaaya wa dirishani ana kipaji,
anakupimia nyama tatu
na wewe unaziona tano mpaka ufike mezani.
Siku moja Masalu alirudisha sahani:
"Baba, hii ni nyama au ni kumbukumbu yake?"
Akaongezewa mchuzi.

Wewe uliyeanza mwaka huu, nisikilize.
Nyuma ya hosteli B uzio una tundu.
Pita. Fuata mfereji, usiruke, una utelezi,
kata kwenye kahawa za watu bila kuchuma,
utaona kibanda cha mabati na benchi mbili,
moja ina mguu wa tofali.
Mama Ndeonasia hana bango.
Ana moshi tu,
na katika mji wenye jina hilo
nani atajua kwamba ni tangazo?

Mimi ni mtu wa Newala.
Nilipowekewa mtori mara ya kwanza
niliangaza huku na huku
kumtafuta mtoto wa kulishwa.
Kwetu ndizi husubiriwa iive;
huku wameiwahi, wameiponda,
wameificha nyama ndani kama siri ya ukoo.
Kijiko cha tatu nikanyamaza.
Mwisho nikageukia ukuta,
nikafuta bakuli kwa kidole.

Wiki ya tisa mifuko yote inasema kweli.
Lyatuu hatuiti tena mabosi, anatuita vijana.
Hapo ndipo daftari linapofunguliwa,
daftari la kurasa mia, jalada limeloa mafuta,
kalamu imefungwa kwa uzi wa kiroba.
Majina yetu hayajui, wala haulizi.
Masalu ni "Mrefu wa Jumatatu".
Yusta ni "Haongezi Chumvi".
Mimi ni "Mkorosho".

Darasani mwalimu aliandika ubaoni:
mikopo chechefu.
Nikainakili kwa mwandiko mzuri,
nikijijua.

Makande ya Jumatano, maandishi ya penseli.
Ndizi nyama, siku ya mtihani wa kodi, kalamu nyekundu.
Chai ya rangi aliyonipa nikiwa na malaria
haikuandikwa. Nilitafuta ukurasa kwa ukurasa.

Siku ya mwisho nilikwenda na begi mgongoni.
Elfu kumi na nne na mia tatu.
Nikahesabu noti, nikahesabu na sarafu.
Alichukua noti.
Sarafu akazisukuma kwa kidole chenye masizi
zikavuka meza, zikarudi kwangu.
"Hizi ziache ziwe deni."
"Mama, nimemaliza. Kesho naondoka."
"Ndiyo maana. Aliyemaliza deni hupita njia nyingine."

Leo niko Dodoma, ofisi ya ukaguzi.
Kazi yangu ni kuwinda senti ambayo haikufungwa,
na nikiipata namwita mtu ajieleze.
Mwaka wa sita huu.

Basi bumu likikata, pita kwenye tundu.
Mwambie mtori, usiogope mfupa.
Na siku utakapoazimwa daftari uandike la kwako,
ukikuta Mkorosho, mia tatu,
tafadhali,
usinilipie.