Nikipata Mtu

Kiyoyozi kilikufa Jumatatu, mwezi wa sita,
Mawaleh inatokota kama sufuria la pweza,
na Biju fundi, mtu wa Kerala,
akaniambia kwa Kiarabu chake cha kuungaunga
kwamba bomba limepita nyuma ya kabati la stoo
na kabati halisogei mpaka lipunguzwe.

Basi nikapunguza.
Mablanketi. Deli la kahawa lenye kutu mdomoni.
Viatu vya marehemu, ambavyo mwaka wa nne huu
nawaambia watoto nimeshavigawa.
Na chini kabisa, mkoba wa mama,
ule wa ngozi bandia, zipu imeng'oka meno,
uliotoka naye Wete, ukaja ukalala Ruwi
chumba kimoja, watu tisa.

Ndani: risiti ya fundi cherehani wa Matrah.
Kitana nusu.
Kipande cha kanga, jina lake limeliwa na nondo
limebaki neno moja, SIKU,
sijui siku gani.
Na kaseti. Juu yake mwandiko wa mama,
umeinama kama mtu apitaye mlango mfupi:
*Kwa Mama, Limbani. Nikipata mtu.*

Nyinyi mnabonyeza, sauti inafika hamjameza mate.
Sisi tulisubiri mtu.
Mtu anayekwenda, mwaminifu, begi lake lina nafasi.
Miwani ya babu ilipata mtu.
Dawa ya kifua ilipata mtu.
Habari ya kifo cha bibi, kutoka huko kuja huku,
ilipata mtu, tena upesi.
Kaseti haikupata.

Kazi ya Biju ilikwisha saa tano.
Akaniona nimeishika, nazunguka nayo nyumba nzima;
friji yangu inasema, televisheni inasikia,
hakuna hata kimoja chenye mdomo wa kaseti.
"Gari yangu," akasema.
Hilux kongwe. Fundi wa baridi, gari lake halina baridi.
Akaikaza tepu kwa ncha ya bisibisi, taratibu,
kama anayefunga kidonda cha mtoto wa mwenzake,
tukakaa mbele, milango wazi, injini inanguruma.
Abu Mundhir wa jirani akapita na mkate,
akatazama, akajifanya hakutazama.

Kwanza mkwaruzo. Kisha kikohozi cha mama.
Kisha: "Haya, sema. Bibi anasikia."

Na mtoto akasema.

Sikumjua.
Wallahi sikumjua. Maneno yake yana umande,
Kipemba cha kisimani, kile nilichokizika
skuli ya Ruwi, walipocheka hata nikiomba maji,
mpaka Kiarabu changu kikawa hakina kovu
na Kiswahili kikabaki cha arusini na matangani.

"Bibi, miye Raya.
Huku kuzuri ila mawe matupu. Mvua hainyi.
Mlima hauna hata mti, kama kichwa cha Mzee Faki.
Bibi, usinchinje Kidoto."

Kidoto. Kuku wangu, mwenye doa jeupe shingoni.
Miaka hamsini sijamtaja.
Lakini masikio yangu ya sasa, yaliyonyooshwa,
yalisikia vingine:
*usinichinje.*

"Hata akija mgeni. Hata mgeni wa Unguja.
Mpe chenga. Miye narudi mfungo mosi."

Mama akasema, "Mama."
Mara moja tu. Akavuta pumzi ya kuanza jambo,
kisha tak, kidude kikazimwa.

Biju hakugusa kitu.
Jasho linamshuka hadi kwenye kola.
"Binti yako?" akauliza.
Nikatazama vumbi la dashibodi, alama za vidole vyake.
Nikasema ndiyo.
"Yuko wapi sasa?"

Nikamwambia irudishe nyuma.
Akairudisha.
Kule ndani kiyoyozi kilishashika,
kinapoza vyumba saba visivyo na mtu.